Mvua Inataka Kunyesha: Shajara ya Makala Moja ya Kongamano

Januari 9

Nimefungua daftari jipya leo. Kazi ni makala moja ya dakika 20 kwa kongamano la isimu ya lugha za Kiromansi, yaani Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kiitaliano, Kiromania na ndugu zao wengine waliozaliwa na Kilatini. Nafundisha Kifaransa chuoni hapa Dar es Salaam, na kila mwaka tukifika kwenye wakati ujao wanafunzi huuliza swali lile lile: kwa nini "je chanterai", nitaimba, inaishia na "ai", ile ile ya "j'ai", ninayo? Huwa nawaeleza kwamba zamani ilikuwa "nina kuimba", cantare habeo, na kwamba kile kitenzi cha kumiliki kikashikana na kitenzi cha mbele yake mpaka kikawa mkia wake. Mwaka jana binti mmoja wa kiti cha nyuma akaniuliza, "Mwalimu, na -ta- yetu sisi ilikuwa nini?" Nikamwambia: ilikuwa taka. "Ataka kuja" ndiyo iliyozaa "atakuja". Darasa likanyamaza, kisha kila mtu akaanza kusema kwa wakati mmoja. Sijawahi kuona somo la njeo, yaani nyakati za kitenzi, likiwachangamsha watu namna ile.

Mradi umeanzia hapo. Katika makala nyingi za Kiromansi nilizosoma, Kiswahili kikitajwa huwa ni mstari mmoja karibu na mwisho, kama kachumbari pembeni ya sahani. Nataka kuonyesha kwamba kinastahili kuwa katikati. Wenzetu wana maandishi yenye tarehe, karne kwa karne. Sisi tuna hatua za safari ile ile zikisemwa leo, katika nyumba moja, na watu wanaokula sinia moja. Ukiviweka vitu hivi viwili pamoja unapata picha ambayo kimoja peke yake hakikupi.

Januari 11

Kuchagua pa kupeleka. Kule Amerika Kaskazini wana LSRL, kongamano la Kiromansi la kila mwaka lililoanzia Florida mwaka 1971. Ulaya ina Going Romance, inayofanyika mwishoni mwa mwaka. Chama kikongwe cha Société de Linguistique Romane kina kongamano lake kila baada ya miaka 3, kubwa, la wanafilolojia na wanakamusi. Halafu kuna Evolang, iliyoanzia Edinburgh mwaka 1996, ambako watu wa nyani, jeni, kompyuta na isimu hukutana kujadili lugha ilitokeaje kwa binadamu.

Nitatuma ikisiri mbili, yaani muhtasari wa makala: moja kwenye kongamano dogo la Kiromansi huko Ulaya, nyingine kwenye mkutano wa watu wa mageuko. Inabidi nizitenganishe vizuri. Mageuko ya lugha ni jinsi binadamu alivyopata uwezo wenyewe wa kusema. Mabadiliko ya lugha ni jinsi Kilatini kilivyokuwa Kifaransa. Watu huyachanganya, na si ajabu, maana mnamo mwaka 1866 chama cha wanaisimu cha Paris kiliandika kabisa katika katiba yake kwamba hakitapokea andiko lolote kuhusu asili ya lugha. Mlango ule ulikaa umefungwa muda mrefu. Mmoja wa waliosaidia kuufungua tena kwa upande wetu ni mwanaisimu Bernd Heine, aliyetumia miaka mingi kwenye lugha za Afrika. Mwaka 2007 yeye na Tania Kuteva walitoa kitabu kinachosema kwamba njia ambazo vitenzi na nomino hugeuka viambishi zinaweza kutupeleka nyuma hadi kwenye lugha za mwanzo kabisa. Nakubaliana nao nusu. Nusu nyingine nitaifikiria.

Januari 24

Wiki nzima nimekuwa na Kilatini cha mwisho mwisho. Lazima nieleze vizuri kwa nini wakati ujao wa zamani ulikufa, maana bila hilo hadithi ya habeo haina mwanzo.

Kilatini kilikuwa na cantabit, ataimba, na cantavit, aliimba. Sauti ya b katikati ya irabu ikalegea hadi ikafanana na v. Sasa mtu akisema neno hilo, ataimba au ameshaimba? Kwenye vitenzi vingine hali ilikuwa hivyo hivyo: dicit ni anasema, dicet ni atasema, na irabu fupi za mwisho zikaanza kukaribiana. Lugha haikai na utata wa namna hiyo kila siku. Watu wakaegemea maneno marefu zaidi, yale yaliyokuwa yakisemwa tayari kwa maana ya wajibu: "nina kuimba", kama mtu anayesema nina kazi ya kufanya.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko katika kitabu cha historia ya Wafaranki cha karne ya 7, kile kinachoitwa cha Fredegar. Mwandishi anasimulia ngano ya mji wa Daras, mpakani na Uajemi. Mfalme wa Waajemi ameshindwa vitani, anaamriwa arudishe miji. Anajibu: "Non dabo." Sitatoa. Justinian, kaisari wa Warumi, anamwambia: "Daras." Utatoa. Ndiyo maana, anasema mwandishi, mji uliojengwa pale ukaitwa Daras. Kwa historia ya mji si kweli. Lakini kwa sikio la mwanaisimu ni hazina. Mfalme anajibu kwa wakati ujao wa kale, dabo. Mwingine anamrudishia kwa ule mpya, daras, kutoka dare habes, "una kutoa", ulioshikana tayari. Njeo mbili za vizazi viwili zimekutana katika mabishano ya mstari mmoja.

Kisha Februari 14, 842, pale Strasbourg, Ludwig anaapa mbele ya jeshi la ndugu yake Charles kwa lugha ambayo askari wale wataielewa, na katika kiapo anasema "salvarai", nitamlinda. Ile ai imeshaganda.

Februari 6

Ikisiri zote mbili zimekwenda. Maneno 500 kila moja. Nimeandika na kufuta aya ya Kiromania mara nyingi kuliko nyingine zote, na mwishowe imebaki, kwa sababu ndiyo daraja. Kiromania hakikuchukua habeo peke yake. Kina "voi cânta", nitaimba, na voi inatoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kutaka. Majirani zake wa Balkani wamefanya hivyo hivyo: tha ya Kigiriki ni kitenzi cha kutaka kilichosagika. Kwa hiyo ndani ya ukoo ule ule wa Kiromansi yuko mtoto aliyefuata njia yetu. Hatukuingia kwenye mjadala huu kama wageni.

Machi 27, Unguja

Nimefikia kwa shangazi, Mji Mkongwe. Nimekuja na kinasa sauti, na nimeomba ruhusa ya kila mtu ninayemrekodi.

Alasiri nimekaa barazani kwenye karata. Kabla hata sijawasha mashine, Kireno kilikuwa kimekwisha kunikaribisha: kopa, uru, pau, shupaza. Zote hizo ni copas, ouros, paus na espadas, na turufu ni trunfo. Wareno waliondoka Mombasa mwaka 1698, Ngome ya Yesu ilipoangukia mikononi mwa Waomani, lakini karata zao wameziacha mezani, na meza yenyewe ni yao.

Mazungumzo niliyoyapata ni haya. Kijana amefika akikimbia. Mmoja akamuuliza, "Ushakula?" Akajibu, "Nshakula zamani." Mzee aliyekuwa akigawa karata, bila kuinua macho: "Mie nimekwisha kula tangu adhuhuri, na hawa wote washakula, basi kaa." Sentensi tatu, hatua mbili, na ya tatu iko kati yao. Nimekwisha kula: kitenzi "kwisha" kizima, kinasikika kama kitenzi. Nimeshakula, ya redio na darasani, imekatwa katikati. Nshakula na ushakula: ile -me- imetoka kabisa, na -sha- imekalia kiti chake. Hata -me- yenyewe wanaisimu wengi wanaihusisha na kitenzi cha kale "mala", kumaliza, ambacho hatunacho tena ila mtoto wake "maliza". Basi tumemaliza kwa kumaliza, tena tukamaliza kwa kwisha. Kifaransa kilihitaji karne nyingi kwenda kutoka "nina barua zilizoandikwa" hadi "j'ai écrit", nimeandika. Hapa nimeona mzee na kijana wakiwa kwenye ngazi mbili za safari hiyo, na wanaelewana bila shida yoyote.

Kisha wingu likaja kutoka upande wa bara. Mzee akakusanya karata: "Nyanyueni jamvi, mvua inataka kunyesha." Tukanyanyua.

Usiku. Shangazi amenisikiliza nikicheza rekodi. Nimemuuliza kama angesema "atakayekuja" au "atayekuja". "Atakayekuja," akasema, "lakini watoto wa hapa wanasema atayekuja, na mimi nikiwa na haraka nasema." Hili ndilo jiwe la msingi la makala. Katika sentensi ya kawaida taka imesagika hadi -ta-. Lakini kirejeshi, ile -ye- ya "ambaye" au -cho- ya "ambacho", kikiingia, "atakayekuja", "kitakachotokea", ile -taka- nzima inajitokeza kama mwamba maji yakipwa. Kireno kina mwamba wa namna hiyo hiyo: "dar-te-ei", nitakupa. Kijineno cha "wewe" kimeingia katikati ya kitenzi na mkia wake, kwa hiyo unaona kwa macho kwamba "darei" ilikuwa vitu viwili, kutoa na kuwa na. Na miamba yote miwili inalika. Wabrazili katika mazungumzo wameacha kabisa "dar-te-ei", wanasema "vou te dar", naenda kukupa. Watoto wa mtaa wa shangazi wanasema atayekuja.

Aprili 19

Majibu yamefika siku moja, yote mawili.

Watu wa mageuko wamekataa. Hoja yao ni ya haki: miaka 1,500 ya Kiromansi na michache zaidi ya Kiswahili ni kufumba na kufumbua ukilinganisha na umri wa lugha ya binadamu, na mimi sikueleza jinsi ya kuvuka pengo hilo. Nimeumia, kwa sababu aya ile niliiandika usiku wa mwisho na ilionekana.

Watu wa Kiromansi wamekubali, kwa hakiki tatu. Ya kwanza inasifu. Ya pili inasema mfano wa Kiswahili unavutia lakini "uko mbali", na inapendekeza niuweke mwishoni. Pembeni ya sahani tena. Ya tatu ni ya mtu anayejua Kibantu, na imenipiga pale hasa nilipokuwa na uhakika.

Aprili 30

Hoja ya mhakiki wa tatu nimeizunguka siku kumi, na naiandika kikamilifu kwa sababu imebadilisha makala.

Nilikuwa nimeandika kwamba ile -ku- katika "atakula" na "atakuja" ni mabaki ya kitenzi-jina: ataka kula, kwa hiyo atakula. Ushahidi wangu ulikuwa kwamba -ku- inabaki kwenye -ta-, -li-, -me- na -na-, ambazo nyuma yake kuna neno lililosimama peke yake, na haibaki kwenye "akila" wala "akala". Mhakiki akaandika sentensi moja: elezea "asiyekula".

Nimeketi nayo. Katika "asiyekula" hakuna kitenzi chochote kilichosagika nyuma ya -si- na -ye-, na bado -ku- ipo. Tena, "atamla": kama -ku- ingekuwa mabaki tu, tungetegemea "atakumla", na hakuna anayesema hivyo. Kinachoiweka -ku- pale leo ni mkazo. Neno la Kiswahili linataka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kuna viambishi, -ta- na -ye- vikiwemo, ambavyo havikubali kuubeba. Ku- inakuja kuubeba mzigo huo. Mnyambuliko kama "akila" hauihitaji, kwa sababu -ki- inaweza.

Inawezekana -ku- iliingia kwa mlango wa kitenzi-jina ikabaki kwa kazi ya mkazo. Naamini hivyo. Lakini haiwezi kuwa nguzo. Nimeitoa kwenye nguzo, nimeipa aya moja yenye tahadhari, na uzito wote nimeuhamishia kwenye "atakayekuja". Nimemwandikia mratibu kumshukuru mhakiki huyo nisiyemjua jina. Makala sasa inasimama.

Mei 16

Nimeongeza kitu kidogo kuhusu -na-. "Ana kitabu" na "anakula": ile ile na, ya kuwa pamoja na kitu. Wasemaji wa Kilatini walichukua "kuwa na" wakatengeneza wakati ujao, sisi tukachukua "kuwa na" tukatengeneza wakati uliopo. Mbegu moja, mashamba mawili. Hii inanionya nisiseme kwamba kitenzi fulani *lazima* kiende mahali fulani. Kuna njia zinazopitwa sana. Hakuna reli.

Juni 21

Pasipoti bado iko kwa watu wa viza. Nilipeleka barua ya mwaliko, barua ya chuo, taarifa za benki, bima na tiketi ya kwenda na kurudi iliyokuwa imeshikiliwa tu. Nimejibiwa kwamba maombi yanashughulikiwa. Kongamano ni wiki mbili zijazo.

Julai 1

Viza haikutoka kwa wakati. Waandaaji wamenikubalia niwasilishe kwa video. Ninasikitika kwa dhati, kwa sababu nusu ya kongamano iko kwenye foleni ya chai, na kule ndiko nilikotaka kumtafuta mhakiki wa tatu. Nimefanya mazoezi na wanafunzi wangu. Yule binti wa kiti cha nyuma ameshika saa. Dakika 23. Nimekata Strasbourg, nimebakiza Daras.

Katika kukata nimesikiliza tena rekodi za Unguja ili nichague vipande vya kuchezea wasikilizaji, na nimesimama kwenye sentensi ambayo mwezi Machi niliipita bila kuisikia. "Nyanyueni jamvi, mvua inataka kunyesha." Mvua haina nia. Mzee hakusema kwamba mvua ina hamu. Alisema itanyesha sasa hivi. Yaani kitenzi taka, kile kile kilichosagika zamani kikawa -ta-, kimeondoka tena kwa miguu yake mwenyewe kwenye barabara ile ile. Sentensi hiyo nimeisema maisha yangu yote. Nimeiweka kwenye slaidi ya mwisho, peke yake.

Julai 5

Nimewasilisha. Umeme haukukatika. Sauti ya mzee ilisikika vizuri hadi ukumbini, na "nshakula zamani" wamenitaka niirudie.

Maswali. La kwanza lilihusu Kiromania, nililijibu. La pili lilikuwa refu, kuhusu maandishi ya Kiswahili cha kale, nikaeleza kuhusu barua za Kilwa za karne ya 18 kwa hati za Kiarabu, zilizohifadhiwa Goa, na kwamba kwetu ushahidi mwingi zaidi uko kwenye lahaja na ushairi, kama "takwambia" ya washairi, ambayo imedondosha hata nafsi ya mbele.

Kisha mama mmoja, mtafiti kutoka Meksiko, akashika kipaza sauti akaomba slaidi ya mwisho irudishwe. Akaisoma polepole, "mvua inataka kunyesha", akitamka vizuri. Akasema: kwetu mtu akiona wingu husema "quiere llover". Inataka kunyesha. Si Meksiko tu, akaongeza, ni Kihispania chote, liko hata kwenye kamusi ya Akademia ya Kihispania. Mwitaliano aliyekaa nyuma yake akasema na wao husema kwamba inaonekana mvua inataka. Ukumbi ukawa kama darasa langu la mwaka jana.

Kihispania, ambacho kilijenga "cantaré" kwa habeo, kinatumia querer, kutaka, mlangoni pa mvua kama sisi. Mhakiki wa pili, popote alipokuwa amekaa, alisikia kwamba hatuko mbali.

Julai 19

Toleo la maandishi linatakiwa Oktoba. Sehemu ya mvua sasa ni sura nzima, na iko katikati.

Nakusanya sentensi zenye vitu visivyo na nia. Ukuta unataka kuanguka. Wali unataka kuungua. Taa inataka kuzimika. Zote ni za jambo lililo karibu kutokea. Lakini nikijaribu kukanusha, maana inageuka: "mvua haitaki kunyesha" haimaanishi kwamba haiko karibu, inamaanisha inagoma, na mkulima anayesema hivyo ana uchungu. Nimemwandikia yule mtafiti wa Meksiko kumuuliza. Amejibu leo: "no quiere llover" pia ni ya ukame, mvua inakataa. Katika kukubali, kitenzi kimekuwa karibu njeo. Katika kukanusha, nia imerudi, hata kwa kitu kisicho na moyo. Kwa nini kukanusha kunaihifadhi maana ya zamani katika lugha mbili zisizo na undugu wowote? Nadhani ni kwa sababu kukataa huonekana wazi kuliko kutaka: wingu limetanda, kila kitu kiko tayari, na bado halitoi. Macho yanatafuta mwenye kukataa. Hili ndilo nitakalolipeleka kwa watu wa mageuko safari ijayo, maana linahusu binadamu anavyoitazama dunia, na hapo umri wa Kiromansi hauna neno.

Julai 22

Shangazi ametuma ujumbe wa sauti saa 1:40 asubuhi, alikuwa akienda hospitali kumwona jirani. Nimeuandika kama ulivyo: "Mwanangu, gari halitaki kuwaka, nshachelewa."